Leza ya Ngozi: Tuulize Kwanza Rangi Yetu

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye chunusi za ujanani zilimwachia mashimo mashavuni, alinijia juzi na swali. Ameelezwa katika kliniki fulani kwamba leza itamlainisha uso, nazo leza ni za namna nyingi. Achague ipi?

Kongwe ni ile ya kaboni dioksidi, iliyovumbuliwa na Kumar Patel nchini Marekani mwaka 1964. Mwale wake wa nanomita 10,600 hufyonzwa na maji yaliyomo ngozini. Maji huchemka, na tabaka la juu likageuka mvuke. Joto linalosalia chini huichochea ngozi kuunda kolajeni mpya. Hapo ndipo penye faida yake, na ndipo penye hatari. Leza ya erbiamu, ya nanomita 2,940, hufyonzwa na maji kwa nguvu zaidi, hivyo hukwangua tabaka jembamba na kuacha joto haba. Kidonda chake hupona upesi, ila mashimo yenye kina huenda yasijae.

Mwaka 2004 ilitangazwa mbinu nyingine: kuchoma vitundu vidogo mno na kuacha ngozi nzima katikati, ili iliyo nzima iiponye iliyojeruhiwa. Leza zote mbili nilizozitaja sasa hutumiwa hivyo. Na ipo ya nanomita 1,550 isiyobandua tabaka la juu kamwe, ingawa hudai mgonjwa arudi mara kadhaa.

Je, rangi ya mgonjwa? Kipimo cha ngozi cha Fitzpatrick, cha mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe tu; sisi weusi tuliongezwa baadaye. Ilhali ngozi yetu ndiyo iliyo nyepesi kuudhika: ikipata joto jingi humwaga melanini, na mabaka meusi yakakaa miezi mingi mahali pa shimo lisiloonekana kwa mbali. Wenye kuota makovu ya uvimbe wana sababu zaidi ya kuhofu.

Kwa hiyo nilimshauri aachane na kaboni dioksidi ya uso mzima, aelekee ile isiyobandua, tena kwa kiwango cha chini. Ajaribiwe kwanza nyuma ya sikio, angoje majuma kadhaa. Na aulize: mmewatibu wangapi wenye rangi kama yangu?

Jana aliniambia kwamba aliposema hayo, kijana aliyekwisha kuishika mashine aliiweka chini, akaenda kumwita daktari.