Siku Nzima ya Mwenzako: Utangulizi wa Taaluma ya Kulinganisha Kazi na Maisha

Taaluma hii inaanza na swali ambalo kila mtu wa pwani amewahi kulitia mdomoni: wenzetu wanaishije, na wanafanya kazi kiasi gani hata wakapata walichonacho? Swali hili huulizwa barazani Jambiani mgeni anapopita na kamera yake. Huulizwa pia kwenye veranda ya hoteli, mgeni anapowatazama wenyeji. Majibu ya haraka tunayajua. Wenyeji husema Mzungu ana pesa na hana kazi. Wageni husema watu wa hapa wana maisha mepesi, hawana haraka, pengine hawapendi kujituma. Wote wameona kwa macho yao wenyewe, na wote wana upungufu mmoja: kila upande umemwona mwenzake katika saa za mapumziko.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la taaluma hii, na mengine yote yanajengwa juu yake. Hukumu kuhusu kazi ya mtu haina thamani mpaka uijue siku yake nzima, mwezi wake mzima, na mwaka wake mzima.

Jambiani ni darasa zuri la kujifunzia. Kijiji hiki kirefu cha kusini mashariki mwa Unguja, chenye shehia za Kikadini na Kibigija, kimejipanga kandokando ya ufukwe. Mbele yake mwamba huvunja mawimbi ya bahari kuu, na maji yakitoka huacha uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari. Juu ya uwanda huo wanawake wanalima mwani, wavuvi wanapita na madau yao, na ufukweni hoteli na nyumba za wageni zimeota kwa wingi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000. Sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu wakazi 1,889,773. Ni kama mgeni mmoja kwa kila wenyeji watatu. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kupitana kila mwaka bila kupimana.

Tuanze na upande wa mwenyeji. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutumia miaka mingi kuuchunguza mwani wa pwani yetu. Waliokishika zaidi ni wanawake. Mkulima wa mwani hupanga kazi kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, bahari inapotoka mbali, hushuka pwani mnamo saa tatu asubuhi na kamba alizokwisha kuzifunga mbegu kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo, kishina baada ya kishina. Huchomeka vijiti mchangani, hukaza kamba kati ya kijiti na kijiti, hung'oa majani yaliyouzonga mwani, huvuna uliokomaa na kuujaza viroba. Maji yakirudi humkuta ameinama bado. Mwani mbichi una uzito wa kuumiza mgongo. Hubebwa mpaka juu, huanikwa kwa siku kadhaa, na kilo saba hadi kumi zikikauka hubaki moja. Kilo hiyo moja ya mwani wa aina ya spinosamu, kwa miaka mingi, imeuzwa kwa shilingi mia kadhaa tu.

Bamvua likipita yanakuja maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha na shamba halifikiki. Mama yule yule utamkuta barazani, anasuka ukili au anasokota kamba ya makumbi, na mazungumzo yanaendelea. Mgeni aliyefika Jumamosi ya maji mafu akaondoka Ijumaa atasimulia kwao kwamba wanawake wa Jambiani wanakaa kivulini kutwa. Atakuwa amesema kweli ya alichokiona, na atakuwa amekosea kuhusu maisha yao.

Sasa tumgeukie mgeni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua wiki nne kwa mwaka. Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya malipo. Muuguzi wa Milano aliyelala juani Jambiani yumo katika wiki chache zilizo zake. Zinazobaki ni za zamu za usiku, za asubuhi za baridi zenye giza, na za kodi ya nyumba inayodaiwa kila mwezi. Kijana wa ufukweni anayemuuzia safari ya kuona pomboo hakutani naye katika hali hiyo hata siku moja. Ndugu zetu walioko London, Copenhagen au Maskati wangeweza kutueleza, lakini wao pia hututumia picha za sikukuu na fedha za matumizi; zamu za ghala na usafi hazipigwi picha.

Wageni wenyewe nao hawaelewani. Wazungu wa Ulaya na Wamarekani wamebishana juu ya jambo hili kwa vizazi, na ubishi wao umezaa sehemu kubwa ya taaluma hii. Mmarekani humwona wa Ulaya kuwa mtu wa likizo ndefu, kodi kubwa na nyumba ndogo. Wa Ulaya humwona Mmarekani kuwa mtu mwenye nyumba kubwa asiyepata muda wa kukaa ndani yake, anayeogopa bili ya hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Takwimu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, zinaonyesha tofauti ya kweli: miaka ya karibuni mfanyakazi wa Marekani hufanya kazi kwa wastani wa saa 1,800 hivi kwa mwaka, na wa Ujerumani saa 1,340 hivi. Mwanauchumi Edward Prescott, katika makala yake ya mwaka 2004, alisema sababu ni kodi. Mwaka 2005 wanauchumi wenzake Alberto Alesina, Edward Glaeser na Bruce Sacerdote walijibu kuwa vyama vya wafanyakazi na sheria za kazi zina uzito zaidi. Mwanauchumi mwingine, Olivier Blanchard, alitazama jambo lile lile akasema watu wa Ulaya, tija yao ilipopanda, walichukua sehemu ya faida kwa njia ya muda wa kupumzika. Msomaji makini ataongeza swali lake: wastani wa Ujerumani ni mdogo pia kwa sababu wengi huko, hasa wanawake, wameajiriwa kwa saa chache. Je, saa zinazobaki wanapumzika, au wanalea watoto na kuuguza wazee bila malipo?

Usidhani kwamba mjadala huu umetufikia juzi kutoka nje. Mzanzibari aliuandika katika karne ya 19. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Humo aliwajibu Wazungu waliodai kuwa wanawake wa Zanzibar hawana la kufanya. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi kabisa: nchi ya baridi inazaa mahitaji mengi, soksi na makoti na mengineyo, na sehemu kubwa ya shughuli za mwanamke wa kule ni kuyahudumia mahitaji hayo. Ondoa baridi, na kazi nyingi inaondoka nayo. Hoja hiyo ina nguvu hadi leo. Hata hivyo Salme alikulia katika majumba ya kifalme yaliyohudumiwa na watumwa, na utulivu alioutetea ulibebwa na jasho la wengine. Kwa hiyo anatufunza mara mbili: mara moja kwa alichokiona Ujerumani, na mara ya pili kwa alichokipita nyumbani kwake. Unapolinganisha nyumba mbili, uliza kwanza nani anafanya kazi ndani ya kila moja.

Baada yake Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliandika habari za maisha yake huko, zikachapishwa katika mkusanyo wa Carl Büttner wa mwaka 1894. Hawa wawili ni wazee wetu katika fani hii.

Zipo pia hukumu zilizotolewa kwa faida ya mtoaji. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wenye mashamba ya karafuu na maofisa wa Kiingereza walianza kulalamika kwamba watu ni wavivu. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Zanzibar na pwani ya Kenya, alionyesha kilichokuwa nyuma ya malalamiko hayo: waliokuwa watumwa walitaka kulima chakula chao na kujipangia siku zao, na wenye mashamba walitaka vibarua wa bei nafuu kila msimu. Aliyejilimia mwenyewe aliitwa mvivu. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma kwa sababu ya ugumu wa maisha, na mgomo ukaenea mjini kote. Hapo ilionekana wazi kwamba shida ilikuwa mshahara. Kila unaposoma kuwa watu fulani hawapendi kazi, tafuta nani alitaka wamfanyie kazi, na kwa kiasi gani.

Swali hilo bado lina kazi Jambiani. Hotelini zamu ina saa maalumu, leo kama jana. Saa ya maji kujaa na kutoka husogea karibu dakika 50 kila siku, na anayeyafuata hujipangia mwenyewe: akipata msiba anakwenda, mtoto akiugua anabaki, sherehe ya mwaka kogwa ya Makunduchi ikifika hahitaji kuomba ruhusa. Mwanahistoria wa Kiingereza E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 kwamba wafanyakazi wa viwanda vya kwao walipitia mvutano wa aina hiyo, walipotolewa kwenye kazi inayofuata shughuli yenyewe wakaingizwa kwenye kazi inayofuata saa ya ukutani. Mama anayeuacha mshahara wa hoteli akabaki na mwani huenda amepiga hesabu sahihi kabisa, hesabu ambayo haimo katika daftari la mwajiri.

Kutoka kwenye saa twende kwenye hali ya maisha, na mfano ulio karibu ni nyumba. Jambiani utaona misingi isiyo na kuta, na kuta zisizo na paa. Mgeni huona ufukara au kazi iliyotelekezwa. Mwenye nyumba anaona akiba yake: fedha za mwani mwaka huu zimekuwa matofali, za mwakani zitakuwa mabati. Hapa mtu hulipa kwanza akahamia baadaye. Ulaya na Marekani wengi huhamia kwanza wakalipa baadaye, benki ikiwadai kwa miaka 25 au 30. Sisi tunaoona picha ya nyumba yao nzuri hatuuoni mkopo, kama wao wasivyoiona akiba iliyo ndani ya tofali. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Ndiyo maana taaluma hii haitosheki na kipato peke yake. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2019/20 ulikadiria kuwa asilimia 25.7 ya Wazanzibari waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ni takwimu muhimu, isomwe kwa heshima. Lakini mwanauchumi Amartya Sen ametufundisha kuuliza zaidi: mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani kwa alichonacho? Anapata matibabu? Mtoto anamaliza shule? Anaweza kuonekana mbele za watu bila aibu? Tuongeze pia kazi isiyolipwa. Mwanauchumi Phyllis Deane, alipoandaa hesabu za mapato za Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Zambia na Malawi za leo) miaka ya 1940, alisisitiza kwamba kazi za wanawake vijijini, hata kutafuta kuni, zihesabiwe. Ilichukua hadi mwaka 2013 kwa mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi kukubali rasmi kuwa kuizalishia na kuihudumia kaya yako ni kazi kamili.

Nikuonye pia dhidi ya kosa la upande wa pili, la kuyapamba maisha ya wenye kipato kidogo. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins, akitumia kwa sehemu taarifa za mwenzake James Woodburn kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, alidai kuwa wawindaji wana utajiri wao kwa kuwa wanahitaji machache. Wazo hilo limetufumbua macho, lakini halimtibu mtu mgongo. Utafiti kuhusu wakulima wa mwani Zanzibar uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wanawake hao wakilalamikia uchovu, maumivu ya viungo, macho na majeraha ya baharini, kwa kipato kidogo mno. Kuheshimu uhuru wa mkulima wa mwani hakutupi ruhusa ya kunyamazia bei anayolipwa.

Kwa miaka mingi watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuja pwani ya mashariki ya Unguja kuhesabu kamba za mwani, saa za wanawake na vyumba vya nyumba. Waliokwenda kutoka huku kuhesabu saa za muuguzi wa Milano au deni la nyumba ya dereva wa Hamburg ni wachache mno. Wito wangu ni kwenu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa vyuo vingine vya Afrika Mashariki. Anzeni nyumbani: kaeni na mkulima mmoja wa mwani kuanzia bamvua hadi bamvua, mwandike kila saa yake, ya kulipwa na isiyolipwa. Kisha ombeni nafasi mkafanye vivyo hivyo kwa mfanyakazi mmoja wa Ulaya au Marekani, katika mwezi ambao hayuko likizo. Salme na Amur bin Nasur walithubutu peke yao. Nyinyi mna chuo, na ruzuku mnaweza kuiomba; kazi hii inawasubiri.