Nyota Zenye Mikia Juu ya Maliba

Katikati ya Juni, karibu saa tatu usiku, kundi la nyota la Omega Centauri huwa limefika kilele chake kusini mwa anga la Kasese, Uganda. Ukiwa Maliba, Rwenzori iko magharibi yako na humeza nyota zinazotua kabla ya wakati wake. Lakini ukipata mahali ambapo kusini hapana kilima, kundi hilo la nyota utaliona limekaa nyuzi 42 hivi juu ya upeo. Kwa macho matupu ni doa hafifu tu. Ndani ya darubini ni nyota zipatazo milioni 10, zimesongamana umbali wa miaka-nuru takriban 17,000, na zimetanda eneo pana kuliko Mwezi mpevu. Mtu wa London hajaliona kamwe akiwa kwao, maana huko halichomozi.

Omega Centauri ni mtihani mkali wa darubini. Sayari ukiiweka katikati, kasoro za pembeni hazikuhusu. Kundi hili linajaza duara lote unalolitazama, nyota kwa nyota mpaka ukingoni, na hapo ndipo darubini fupi za vioo huumbuka: nyota za katikati zimetulia kama nukta, za pembeni zimeota mikia. Mwenye darubini huanza kulaumu lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia, kisha hutafuta nyingine ya bei kubwa. Mara nyingi atakuwa amenunua dawa ya ugonjwa asio nao.

Kwanza, kwa nini darubini fupi ya vioo, juu ya kitako rahisi? Huku hakuna njia nyingine ya maana. Vitako vya ikweta, ambavyo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, vimetengenezwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Bwera, nayo ya huku Kasese, karibu iko juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo mhimili unatakiwa ulale sambamba na ardhi. Vitako vingi vya bei nafuu havishuki hadi hapo, na vikishuka, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Kinachofaa ni kitako cha mbao kilichoenezwa na John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa huko San Francisco na kufariki mwaka 2014: bomba linapanda na kushuka, kitako kinazunguka, basi. Kinaleta shida kwa vitu vilivyo utosini, na ikweta ina vingi vya namna hiyo. Wingu la Orion, usiku wa Januari, linapita karibu kabisa juu ya kichwa, na hapo inabidi uzungushe kitako sana ili bomba lisogee kidogo tu.

Sasa chukua darubini ya kawaida inayouzwa kwa wanaoanza: kioo cha upana wa milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1,000. Gawanya, unapata 5, ndiyo f/5. Yenye kioo kama hicho lakini ya f/8 ingehitaji bomba la zaidi ya mita moja na nusu. Jaribu kulipandisha hilo Maliba kwa bodaboda. Ufupi wa bomba basi una faida zake, ila gharama yake inalipwa kwenye mwanga.

Kioo kilichobonyea kwa umbo la parabola, kama kile John Hadley alichokionyesha kwa Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1721, hukusanya barabara mwanga wa nyota iliyo katikati kabisa ya anachokitazama mtu. Nyota ikisogea pembeni, mwanga unaorudishwa na kingo za kioo hauangukii tena mahali uangukiapo ule wa sehemu ya kati. Nukta inageuka nyota-mkia ndogo, kichwa kimeelekea katikati, mkia umetawanyika kwenda nje. Wataalamu huiita koma. Si hitilafu ya kiwandani. Hata kioo kilichosuguliwa bila kosa lolote kinayo. Nyota ikiwa mbali mara mbili kutoka katikati, koma yake ni kubwa mara mbili. Namba ya f ikipungua nusu, koma inazidi mara nne.

Tuingize lenzi ya jicho ya aina ya Plössl, milimita 25, ambayo uwanja wake, yaani upana wa duara linaloonekana ukichungulia, ni nyuzi 50 hivi. Kwenye darubini yetu inakuza mara 40, na inaonyesha kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 1.25, kinachotosha kabisa kulizunguka Omega Centauri. Ukingoni mwa kipande hicho koma ina urefu wa sekunde 17 za tao. Ni kidogo, ila lenzi inaikuza pamoja na nyota: mara 40 ya hapo ni zaidi ya dakika 11 za tao, yaani zaidi ya theluthi ya upana wa Mwezi unavyouona bila darubini. Kwenye f/8, lenzi hiyohiyo ingeonyesha mkia wa dakika 4 na kidogo. Ni kweli mwanga mwingi umejikusanya kichwani, kwa hiyo jicho haliuoni mkia wote. Lakini kwenye nyota angavu unaonekana bila kutafutwa.

Watu wengi hudhani wakiingiza lenzi ya kukuza zaidi, milimita 10 kwa mfano, koma itapungua, kwa sababu sasa wanatazama kipande kidogo cha anga karibu na katikati. Kipande ni kidogo kweli, lakini kimekuzwa zaidi kwa kiwango kilekile, na hesabu mbili hizo zinafutana. Ukingoni mwa uwanja wa nyuzi 50 koma inaonekana na ukubwa uleule, lenzi iwe ya milimita 25 au 10. Kinachoibadilisha ni upana wa uwanja wenyewe. Lenzi ya nyuzi 82 inakupeleka mbali zaidi kutoka katikati, na ukingoni mwake mkia unafika dakika 18. Kwa maneno mengine, ukinunua lenzi pana na ghali ili kuponya koma, umeongeza koma.

Al Nagler aliliona hilo zamani. Alikuwa amebuni vifaa vya macho vya kuwafundishia wanaanga wa Apollo, kisha akaanzisha kampuni ya Tele Vue, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanza kuuza lenzi za nyuzi 82 zilizo safi mpaka ukingoni. Lenzi za zamani za uwanja mpana zilikuwa na ukungu wake zenyewe pembeni, kiasi kwamba koma ya kioo ilijificha humo. Nagler alipoufuta ukungu ule, kasoro ya kioo ikabaki uchi. Baadaye kampuni yake ikatoa Paracorr, kifaa cha lenzi kinachokaa mbele ya lenzi ya jicho na kuirekebisha koma ya parabola. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko yeye: darubini ya Palomar, yenye kioo cha inchi 200 na f/3.3, iliwekewa lenzi za kurekebisha zilizobuniwa na Frank Ross, kwa sababu bila hizo picha za pembeni zisingefaa kitu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, mjue mkosaji. Wako wanne, na anayeshukiwa mwisho ndiye ambaye ingefaa aanze: skrubu. Kama nyota iliyo katikati kabisa ina mkia, vioo havijalingana. Katikati ya picha kuna mduara mdogo ambamo koma haionekani; vioo visipolingana huhama, pengine ukatoka nje ya unachokiona. Kwenye f/5 mduara huo, pale picha inapoundwa, una upana wa milimita 3 hivi, na kwenye f/4 unabaki milimita moja na nusu. Darubini iliyosafiri kwenye barabara ya vumbi haiwezi kubaki imenyooka kiasi hicho. Toboa tundu dogo katikati ya kifuniko cha plastiki, kitie mahali pa lenzi ya jicho, chungulia, kisha zungusha skrubu za kioo kikuu mpaka alama iliyo katikati yake ilingane na taswira ya tundu unalochungulia. Kazi ya dakika chache, na haina bei.

Mkosaji wa pili ni lenzi ya jicho yenyewe. Kasoro yake kubwa kwenye darubini fupi ni astigmatismu, na inatambulika kwa kucheza na fokasi. Tazama nyota ya pembeni, sogeza fokasi ndani kidogo, kisha nje. Ikijivuta kuwa mstari, na mstari huo ukageuka kutoka wima kuwa mlalo ulipopita katikati ya fokasi, hiyo ni lenzi. Mkia wa koma haubadilishi upande. Unaelekea nje daima. Lenzi rahisi za zamani kama za Kellner, zilizobuniwa mwaka 1849 kwa darubini ndefu za wakati ule, huonyesha mstari huo waziwazi kwenye f/5, kwa sababu mwanga unaingia ndani yake kwa pembe kubwa. Plössl inavumilia zaidi. Barlow nzuri, yaani lenzi ya kuongeza ukuzaji inayowekwa mbele ya lenzi ya jicho, nayo inasaidia hapa, kwani inaupunguzia mwanga ile pembe kabla haujafika kwenye lenzi ya jicho. Koma ya kioo haiigusi.

Wa tatu ni jicho lako. Geuza kichwa ukiwa bado unachungulia: mstari ukizunguka pamoja nawe, vaa miwani yako. Tatizo hili huzidi kwenye lenzi za kukuza kidogo, pale mwale unaotoka ni mpana. Upana wa mwale huo ni milimita za lenzi zilizogawanywa kwa namba ya f: milimita 25 kwa 5 inatoa milimita 5. Lenzi ya milimita 40 ingetoa 8, na mboni ya kijana gizani hufunguka hadi 7 tu, kwa hiyo sehemu ya kioo ulichokilipia inakuwa imemulika nje ya mboni bure.

Ukishawaondoa hao watatu, anayebaki ni koma yenyewe, na swali ni kama inastahili fedha. Susan Murabana na Chu Owen, ambao kwa miaka sasa wamezunguka Kenya na darubini yao ya inchi 12 kwenye shule na vijiji, huwaonyesha watoto Mwezi na Zohali. Vitu hivyo hukaa katikati, na pembeni hamna anayepatazama. Kwa kazi hiyo kirekebishaji koma ni anasa. Kwa mtu wa f/4 anayetaka makundi makubwa ya nyota kwa lenzi ya nyuzi 82, hilo ni jambo jingine. Huyo akinunua, apime kwanza kama bomba la fokasi lina nafasi ya kuingia ndani zaidi, na akubali kwamba kila lenzi ya jicho itahitaji umbali wake kutoka kwenye kirekebishaji. Umbali ukikosewa, mikia inabaki. Paracorr pia inaongeza ukuzaji kwa asilimia 15, kwa hiyo f/4 inakuwa f/4.6.

Pana hoja moja ya haki kwa lenzi pana katika nchi hizi. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, ambazo huku hupita utosini, hukimbia kuliko zote machoni. Kwenye kitako cha Dobson kisicho na mota, lenzi ya milimita 5 yenye uwanja wa nyuzi 50 inakuza mara 200, na sayari inavuka duara kwa dakika moja. Kwa nyuzi 82 unapata sekunde 98. Kwa darasa la wanafunzi waliopanga foleni, zile sekunde 38 ni mtoto mmoja zaidi kabla ya kusukuma bomba tena.

Klabu ya shule ya Bwera au Maliba ikiniuliza leo, ningesema: Plössl ya milimita 25, nyingine ya 10, na Barlow ya mara mbili. Hapo wana ukuzaji wa mara 40, 80, 100 na 200. Fedha iliyobaki inunue kisanduku kinachofunga vizuri na pakiti za kufyonza unyevu, kwa sababu ukungu unaoteremka kutoka Rwenzori huotesha kuvu kwenye lenzi iliyofungiwa ikiwa na umande, na hiyo kasoro hakuna kifaa kinachoirekebisha. Lenzi ziachwe wazi ndani ya nyumba mpaka zikauke, ndipo zifungwe.