UFAFANUZI: NAMNA YA KUJARIBU PROGRAMU ZA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa visiwani wanafahamishwa kwamba programu ya kompyuta, kama kilivyo chombo cha majini, haina budi kujaribiwa kabla ya kukabidhiwa kwa umma. Wengi hudhani kuwa wingi wa majaribio ndio unaofichua kasoro. Sivyo hata kidogo.

Tuchukue mfano wa programu ya kukatia tiketi za kivuko. MV Nyerere, iliyozama tarehe 20 Septemba, 2018 ikitoka Bugolora kwenda Ukara, na kuua watu zaidi ya 220, iliruhusiwa kubeba abiria 101. Mjaribu akiingiza abiria 20, halafu 45, halafu 70, amefanya jaribio moja mara tatu, kwani hesabu hizo zote hupita njia ileile. Kasoro hupenda kukaa mpakani. Na aingize 100, 101 na 102. Iwapo mwandishi wa programu alikosea alama moja tu, abiria wa 102 atapewa tiketi. Aingize pia sifuri, na aache nafasi wazi. Kisha aulize: mtoto abebwaye mgongoni anahesabiwa wapi? Programu isiyoulizwa habari zake haitamhesabu.

Mipaka imewaponyoka hata mabingwa. Tarehe 4 Juni, 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliteketea angani sekunde zipatazo 40 baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ambako haikuleta taabu. Lakini mwendo wa Ariane 5 ulikuwa mkubwa zaidi, hesabu moja ikazidi 32,767, kikomo cha nafasi iliyotengewa. Programu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa safari ya roketi mpya.

Hivyo basi, jaribio lifuate safari yenyewe. Siku ile ya gulio mkata tiketi alifariki, na mashine yake ikapotea majini. Idadi kamili ya abiria haikuweza kujulikana mara moja. Kwa hiyo mjaribu aizime mashine ghafla katikati ya kazi, aende ofisini nchi kavu, atazame kama hesabu imefika. Karani wa dirishani awepo, maana ndiye ajuaye jinsi watu wanavyosongamana saa ya mwisho. Aliyeiandika programu asiachiwe kuijaribu peke yake. Kila kasoro iandikwe daftarini, na jaribio lililoifichua lirudiwe baada ya kila matengenezo.