Beringi Ndogo Katika Klachi ya Motokaa

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za kitu kidogo kilichomo ndani ya motokaa, ambacho hata dereva wa miaka mingi huenda hajapata kukiona kwa macho. Nacho ni beringi iliyo kwenye mwisho wa krenkshafti, ambayo mafundi huiita pailoti beringi. Bei yake ni ndogo, lakini kuifikia ni kazi kubwa, maana hapana budi kushusha giaboksi kwanza. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, na kila kijana anayejifunza ufundi, aijue kazi yake, dalili za kuchakaa kwake, na njia ya kuibadili.

Kwanza na tufahamu kazi ya klachi yenyewe. Nguvu ya injini hutoka katika krenkshafti, ambayo mwisho wake umefungiwa gurudumu zito liitwalo flaiwili. Kutoka hapo hupita katika sahani ya klachi, ikaingia katika shafti ya giaboksi, kisha ikaenda mpaka kwenye magurudumu. Dereva asipokanyaga klachi, sahani hubanwa barabara baina ya flaiwili na presha pleti, na vyote huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Akikanyaga, sahani huachiliwa. Injini huendelea kuzunguka, bali shafti haivutwi nayo tena.

Shafti hii ni ndefu. Upande mmoja hushikwa na beringi ya giaboksi, na ncha ya pili ingeachwa hivi hivi, ingeyumba. Basi ncha hiyo huingizwa katika tundu lililo katikati ya mwisho wa krenkshafti, na ndani ya tundu hutiwa pailoti beringi ili iishike. Gari nyingine hutumia beringi ya gololi; nyingine, kama zile Land Rover za kwanza za mwaka 1948, zina bushi, yaani pete nene ya shaba iliyochanganywa na bati. Gari nyingi ambazo injini huzungusha magurudumu ya mbele hazina kitu hiki, maana shafti yake hushikwa vya kutosha ndani ya giaboksi.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Mguu ukiwa mbali na klachi, krenkshafti na shafti huzunguka kwa mwendo mmoja, na beringi hii haina kazi. Kazi yake huanza pale klachi inapokanyagwa. Kwa kulijua hilo twaweza kutambua ugonjwa bila kufungua kitu. Gari ikiwa imesimama bila gia, na kelele ikasikika mguu ukiwa juu, kisha ikanyamaza klachi inapokanyagwa, aghalabu ni beringi ya giaboksi. Kelele ikianza mara mguu unapogusa tu klachi, shuku rilisi beringi. Lakini ikianza klachi ikiwa imekanyagwa mpaka chini na gia imeingizwa, shuku pailoti beringi. Tena, beringi hii ikikwama, huiburuta shafti hata klachi ikiwa imekanyagwa; gia hukwaruza zikiingizwa, hasa ya kurudi nyuma.

Fundi asiyeitazama aweza kufunga sahani mpya, na gari ikaendelea kutetemeka kila inapoondoka. Ncha ya shafti ikiyumba, beringi ya giaboksi hubeba taabu isiyo yake, na shafti yenyewe huliwa. Bei ya shafti si bei ya beringi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo kila klachi inaposhushwa, beringi hii na ibadilishwe papo hapo.

Sasa tuingie kazini. Fungua waya wa betri, zuia magurudumu, na ulikalishe gari juu ya vigingi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Giaboksi ni nzito, basi ishushwe kwa jeki au kwa watu wawili. Usipulize vumbi la klachi, maana sahani za zamani zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Tia alama kwenye presha pleti na flaiwili, kisha legeza bolti kidogo kidogo kwa kuvukanisha.

Kabla ya kuitoa beringi ya zamani, pima imeingia kina gani. Kisha jaza grisi katika tundu lake mpaka nyuma kabisa. Tafuta chuma cha mviringo kinachoenea barabara katika tundu la beringi, kiingize, vaa miwani ya kukinga macho, ukigonge kwa nyundo. Grisi haikubali kushindiliwa, wala haina njia ya kutokea. Basi huisukuma beringi kutoka nyuma, nayo hutoka pole pole. Ikipungua, ongeza grisi, ugonge tena. Ikiisha kutoka, safisha grisi yote, maana ikigusa sahani ya klachi, klachi itateleza.

Itazame na ncha ya shafti. Ikiwa imechimbika, au imegeuka rangi ya buluu kwa joto, beringi mpya haitadumu juu yake. Beringi ya gololi igongwe kwa bomba linalokaa juu ya pete ya nje tu. Ukigonga pete ya ndani, umeiharibu kabla haijafanya kazi. Bushi ya shaba yenye vinyweleo ilowekwe katika mafuta ya injini kabla ya kutiwa, kwa kuwa hunywa mafuta na kuyatoa kidogo kidogo ikipata joto.

Mwisho, sahani ikae katikati sawasawa kwa kutumia shafti ya zamani ya namna ile ile au kijiti kilichochongwa kwa kipimo, ndipo bolti zikazwe kwa kuvukanisha. Wakati wa kurudisha giaboksi, usiiache ining'inie juu ya shafti, wala usiivute kwa kukaza bolti. Ikikataa kuingia, kuna kitu hakijakaa sawa. Itoe, utazame tena.

Na dereva naye ana sehemu yake. Anapongoja mbele ya reli au kivuko, asikae na gia huku ameikanyaga klachi. Aitoe gia, ainue mguu, na beringi ile ndogo itapumzika.