Je, Wajua? Nyama Ngumu Hulainishwa na Muda

Chungu cha umeme cha kupikia polepole, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, kilitokana na chombo cha Irving Naxon, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1940, akiwa amevutiwa na simulizi za mama yake kuhusu cholenti, chakula cha Sabato ambacho Wayahudi wa Lithuania walikiacha usiku kucha katika tanuri la mwokaji mikate. Katika upishi huo wa polepole, kolajeni, protini inayoshikanisha misuli ya bega la ng'ombe, hugeuka taratibu kuwa jelatini, yaani ute laini, ikikaa saa nyingi katika joto linalozidi nyuzi 70 za Selsiasi, ilhali sarara, yenye kolajeni kidogo, hukauka.