Anayeweza Kukwepa Ndiye Apishe: Adabu za Barabara Ndefu za Australia

Barabara kuu ya Stuart hutoka Darwin, kaskazini mwa Australia, ikateremka hadi Port Augusta kusini, kilomita zipatazo 2,700 katikati ya nchi kame ambayo watu wake ni wachache mno. Katika barabara hiyo hupita malori yenye matela matatu, na kwingine manne, yenye urefu wa hadi mita 53.5 na uzito unaozidi tani 100. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, kwa hiyo msomaji wa huku na akadirie mwenyewe. Wenyeji wa bara hilo la ndani, yaani madereva wa malori, wafugaji, jamii za Waaborijini na wastaafu wanaozunguka nchi na karavani zao, wamejenga desturi za kuishi na majitu haya. Nashikilia kwamba desturi hizo zinalinda uhai kuliko vibao vyote vilivyosimikwa kandokando ya lami, na kwamba zote zina shina moja: anayeweza kukwepa ndiye anayepisha.

Kwanza tujue kwa nini malori hayo yapo. Zamani ng'ombe wa Australia ya kati walisafirishwa kwa miguu, wakiswagwa kwa majuma kadhaa, wakikonda na wengine kufa kwa kiu kabla ya kuona soko au reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kurt Johannsen, fundi wa Alice Springs, alichukua lori lililoachwa na jeshi akaliundia matela ambayo magurudumu yake yalifuata nyayo za lori lenyewe hata kwenye kona. Mifugo ikaanza kufika sokoni ikiwa na nyama yake. Hadi leo ranchi nyingi hupeleka ng'ombe kwa njia hiyo, na dizeli, unga na vipuri hurudi kwa njia hiyohiyo. Mwenyeji anapomwachia njia dereva wa lori, anamwachia mtu anayeleta chakula cha kijiji kizima.

Desturi inayomshangaza sana mgeni ni ile ya njia nyembamba, ambako lami inatosha gari moja tu. Magari yanapokutana, dogo hupunguza mwendo na kushuka lote kwenye kokoto. Lori hubaki juu ya lami. Anayeliona jambo hili kuwa ubabe hajafikiria tela la mwisho. Magurudumu yake yakiangukia kokoto huanza kuyumba, na mayumbo hayo huweza kuliangusha. Hata likisalimika, hurusha mawe yanayopasua kioo cha yule aliyekataa kupisha. Kulipita lori ni hesabu ngumu zaidi. Tuseme lori linakwenda kilomita 90 kwa saa na gari dogo 110. Ukijumlisha urefu wa lori na nafasi salama ya mita 40 mbele na nyuma, gari dogo litakuwa upande usio wake kwa sekunde zipatazo 25, na litakuwa limekwenda zaidi ya mita 750. Gari linalokuja kutoka mbele nalo linakula barabara kwa kasi kama hiyo, hivyo inahitajika karibu kilomita moja na nusu iliyo wazi kabisa. Kwenye barabara ya vumbi hesabu hiyo haipigiki, kwa kuwa mbele huoni kitu.

Hapo ndipo redio ya upepo ilipopata heshima yake. Madereva wa malori husikilizana kwenye chaneli ya 40, na mwenye karavani anayejali wenzake huiwasha pia. Lori likimkaribia kwa nyuma, humwambia dereva kwamba amemwona. Lori likitoka kumpita, yeye hulegeza mwendo ili lirudi upande wake mapema. Wasiojuana hupangiana usalama kwa maneno machache, kisha kila mmoja huinua kidole kwenye usukani kumsalimu mwenzake. Tena gari lililosimama kando peke yake halipitwi bila kuulizwa hali. Huko msaada wa daktari huja kwa ndege, na baadhi ya vipande vya barabara kuu vimechorwa alama ili ndege hiyo itue juu ya lami.

Wapo wanaosema kuwa mizigo hiyo ingepanda treni, barabara zikaachiwa magari madogo. Reli ya Alice Springs hadi Darwin ilikamilika kweli, ikaanza kazi mwaka 2004, na inafaa kwa mizigo ya masafa marefu. Lakini ni njia moja tu; haifiki kwenye ranchi wala kwenye makazi yaliyotawanyika jangwani. Wengine husema desturi isiyoandikwa humwonea mgeni, kwa kuwa adhabu ya kutoijua ni kifo. Pingamizi hili lina uzito, nami nalikubali kwa sehemu: anayekodisha gari kwa mgeni anapaswa kumfundisha mambo haya kabla ya kumkabidhi ufunguo. Hata hivyo, sheria peke yake isingeziba pengo. Askari hawezi kuwapo kila kilomita, na hakuna kifungu kinachoweza kumpa dereva subira ya kukaa nyuma ya lori kwa dakika kumi.

Wasomaji wetu wanaokwenda huko kusoma au kufanya kazi watakuta magari yanaendeshwa kushoto kama Kenya na Tanzania, na mazoea hayo yanaweza kuwadanganya kwamba barabara ni ileile. Kabla ya kuondoka mjini, tafuteni redio ya upepo, mjifunze chaneli ya 40, msisafiri usiku wakati ng'ombe na kangaruu wamo njiani. Na kama huvioni vioo vya pembeni vya lori lililo mbele yako, jua kwamba dereva wake hakuoni: rudi nyuma, usubiri.