SGR na watoto: Kabla ya kupanda daraja, hesabu na tumbo

Likizo ikikaribia, watoto wa Kibaha na Kisarawe wanataka SGR. Mzazi, piga hesabu kwanza.

Safari za Dodoma zilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa Sh31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Baba, mama na wawili wa shule ya msingi: Sh93,000, kwenda tu. Treni ya Mchongoko ilipokuja Novemba, daraja la biashara likawa Sh70,000 kwa kichwa kimoja!

Halafu tumbo. Madirisha ya SGR hayafunguki, kwa hiyo yale mahindi ya kununulia dirishani kwenye treni ya zamani, sahau. Mgahawa umo ndani, ila soda na kitafunwa mara nne si mchezo. Wape chai nzito na chapati kabla ya kutoka.

Kama mnasafiri na bibi anayeumwa magoti, hapo daraja la juu nalielewa.

Mnaopandia Soga au Pugu, angalieni ratiba: treni za haraka hazisimami kila kituo, na kuzifuata Dar ni nauli nyingine ya daladala.